Msimulizi Wako Amesimama Wapi? Kutafuta Hitilafu za Nafsi na Wakati Katika Hadithi

Miswada mingi ya hadithi inayonifikia hapa Mtwara huja na swali lile lile. Niandike kwa "mimi" au kwa "yeye"? Niseme "alikwenda" au "anakwenda"? Mwandishi ameshaandika sura tatu, amechoka nazo, anaona kuna kitu hakikai sawa, na anadhani atakiondoa kwa kubadilisha viambishi vyote kuanzia ukurasa wa kwanza. Huwa namwambia asubiri. Mara nyingi nafsi aliyochagua haina kosa, na wakati nao hauna kosa. Ila hajaamua msimulizi wake amesimama wapi, na anasimulia baada ya muda gani tangu mambo yatokee. Akishaamua hayo, nafsi na wakati hujipanga karibu vyenyewe. Asipoamua, akibadilisha viambishi hitilafu itahamia sura nyingine.

Nimepanga mambo kwa malalamiko ya wasomaji, kwa maneno yao, maana msomaji hakwambii kuwa mtazamo umeyumba. Anakwambia "hapa nimepotea", basi. Mifano nimeitunga mwenyewe: yumo Somoe, binti wa kijiji kimoja cha Tandahimba, na mjomba wake Selemani, mwenye kauli juu ya mikorosho ya ukoo, ambaye pia ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima.

"Nimepotea. Nani kamwambia nani?"

Naanza na hili kwa sababu Kiswahili kina namna yake hapa, na miongozo mingi tunayosoma imetoka kwenye lugha ambazo haziko hivyo. Tazama:

*Selemani alimfuata Issa akamwambia amemwona mkewe ghalani, na akirudi tena atamshitaki.*

Mke wa nani? Nani akirudi? Atashitakiwa mke au Issa? Kiambishi a- kinambeba mwanamume, mwanamke, mtoto, na hata sungura wa hadithi. Mwandishi aliyezoea riwaya za lugha zinazotenganisha mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu huacha majina mapema, akiamini msomaji atajua. Hatajua. Kwetu kurudia jina si uvivu wa mtindo, na ukiona mhariri anakata majina ili "yasijirudie", mwonyeshe sentensi ya juu.

Njia ya haraka ni kuwaacha watu waseme wenyewe:

*Selemani alimfuata Issa. "Mkeo nimemwona ghalani," alimwambia. "Akirudi tena namshitaki."*

Maswali yote yamekwisha, na hakuna jina lililoongezwa.

Chanzo cha ndani zaidi ni kwamba msimulizi amesimama mbali sawasawa na watu wote. Msogeze karibu na mmoja. Akisimama na Somoe, basi Somoe peke yake ndiye anayeweza kuachwa na a- tupu aya nzima. Wengine wote wanaitwa kwa jina, kwa cheo, kwa "yule", kwa "mwenzake". *Alisikia mlango. Issa aliingia, akamtazama, akageukia magunia.* Aliyesikia ni Somoe, aliyetazamwa ni Somoe, na hatujamtaja. Msomaji anajifunza kanuni hiyo kwenye kurasa chache za mwanzo bila kuambiwa, mradi usiivunje.

Na ikiwa una wanawake watatu jikoni, wote wanasema, wote wanamtaja wa nne aliye nje, na majina yamekuwa mengi hadi yanakera, hapo una sababu nzuri ya kuhamia kwenye "mimi". Ni- inamtoa mtu mmoja kwenye lile rundo. Ni sababu ya kiufundi kabisa, na ina uzito kuliko ile ninayoisikia mara nyingi, kwamba "mimi" huleta hisia zaidi.

"Huyu mzee ni mmoja au watatu?"

Ukurasa wa kwanza ni "mjomba". Wa pili ni "Mzee Selemani". Wa tatu "katibu", kisha "Bwana Selemani alikohoa". Mwandishi atajitetea kuwa anakwepa kurudia. Lakini kila jina la mtu lina mtu anayelitamka. "Mjomba" ni sauti ya Somoe. "Katibu" ni sauti ya wanachama waliopanga foleni kudai malipo yao. "Baba Fadhili" ni sauti ya mkewe. "Bwana Selemani" ni sauti ya barua kutoka wilayani. Ukibadilisha jina umehamisha macho, hata kama hukukusudia.

Kwa hadithi za huku kusini kosa hili linagharimu zaidi. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo kwa asili ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa kuliko baba katika mambo mengi ya nyumba. Msimulizi aliyesimama na Somoe akisema "Bwana Selemani alikataa", ameifuta hofu yote ya binti huyo kwa neno moja. "Mjomba alikataa" haihitaji maelezo.

Kipimo ni rahisi. Piga mstari chini ya kila jina la mhusika mmoja katika sura moja, uulize kila mara: nani anamwita hivi? Majibu yakiwa zaidi ya mtu mmoja, umepata hitilafu. Isipokuwa umekusudia. Somoe akigundua kwamba mjomba ndiye anayewauzia walanguzi wa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, korosho za ukoo kabla ya msimu, na kuanzia sura hiyo usimulizi ukamwita "Selemani" bila cheo, hilo si kosa. Msomaji ataona kuna kitu kimevunjika kabla Somoe hajafungua mdomo.

"Mara alikwenda, mara anakwenda"

Kabla ya kurekebisha, hakikisha ni kosa kweli. Nimeona kurasa nzuri zikiharibiwa na mtu aliyefundishwa kwamba hadithi iliyoanza na -li- lazima ibaki na -li- hadi mwisho.

*Somoe alijua mjomba anamdanganya.* Hii ni sahihi. Somo la usemi wa taarifa shuleni lilitufundisha kugeuza: "anamdanganya" iwe "alikuwa akimdanganya", "atakuja kesho" iwe "angekuja siku iliyofuata". Kwa mtihani, sawa. Kwa hadithi una chaguo mbili zenye umbali tofauti. "Alijua alikuwa akimdanganya" inatuweka nje, tunamtazama binti anayejua jambo. "Alijua anamdanganya" inatuingiza ndani. Ukishaingia unaweza hata kuliacha "alijua":

*Somoe alinyamaza. Mjomba anamdanganya. Magunia manane hayawezi kugeuka matano, hata mtoto wa chekechea anaweza kuhesabu. "Haya, mjomba," alisema.*

Wakati umebadilika katikati ya aya na hakuna kilichovunjika, kwa sababu sentensi mbili za katikati ni mawazo ya Somoe yanayotembea bila "aliwaza kwamba". Ukikutana na mpito kama huo kwenye mswada wako na umekaa vizuri, uache.

Sasa makosa yenyewe. La kwanza linatoka barazani. Tukisimulia kwa mdomo tunaanza na -li-, na mambo yakipamba moto tunahamia -na- bila kujua: "Nikafika pale stendi, namwona yule bwana, ananiangalia tu, wala hasemi." Msikilizaji anakubali kwa sababu ana uso wako na mikono yako. Kwenye karatasi inafaa pia, lakini pale penye kilele tu, na urudi -li- mara kilele kikipita. Ikitapakaa kila mahali, pamoja na pale mtu anapochemsha chai, ujue mwandishi alikuwa anajisikia akisimulia kwa mdomo, akasahau kwamba msomaji hamwoni.

La pili ni -ka- iliyoachwa bila cha kuegemea. Kiambishi hiki hukopa wakati wake kwa kitenzi kilichotangulia. *Somoe aliamka, akafungua dirisha, akachungulia*: -li- moja imebeba vitenzi vitatu, na hapo ndipo usimulizi wa Kiswahili unapopata mwendo wake mzuri. Lakini weka katikati maelezo marefu ya shamba, au mazungumzo ya nusu ukurasa, kisha uanze aya mpya na "Akachungulia", na msomaji anasita kidogo: baada ya nini? Ukibadilisha mahali, ukitoka kwenye mazungumzo, ukiruka saa kadhaa, anza upya na -li-, halafu iache -ka- iendelee.

Kumbuka pia -ka- inasema "halafu". Inapanga mambo kwa foleni. *Mjomba akaingia ghalani akavaa kanzu nyeupe* maana yake alivalia kanzu humo ndani. Ulitaka kusema *akaingia ghalani, amevaa kanzu nyeupe*. Mambo yanayokwenda pamoja yape -ki-: *akaingia akiimba*. Na ukikanusha, usitapatape: *akautafuta ufunguo asiuone*, au *hakuuona*, zote zinakubalika. Ya kwanza ina ladha ya simulizi za kale, kwa hiyo usimpe kijana wa bodaboda wa Chikongola usimulizi mzima wa namna hiyo.

La tatu ni desturi kuchanganywa na tukio. "Kila msimu mjomba alikuja na daftari, akakaa chini ya mkorosho mkubwa, akafungua ukurasa…" Je, tunasimuliwa mazoea au siku moja? Kwa mazoea ya zamani una "alikuwa akija", na kwa mazoea yanayoendelea una hu-: "mjomba huja na daftari". Ukitoka kwenye mazoea kuingia kwenye siku yenyewe, tamka: "Mwaka ule alikuja bila daftari." Hadithi imeanza.

"Nimebadilisha wakati wote na sasa haieleweki"

Huyu si msomaji, ni mwandishi mwenyewe, na ametumia programu ya kompyuta kutafuta na kubadilisha. Alikuwa na *Mjomba amesimama mlangoni*. Akaamua hadithi yote iwe ya wakati uliopo, akaiona -me-, akadhani ni wakati uliopita, akaandika *Mjomba anasimama mlangoni*. Sasa mjomba anainuka kutoka mahali fulani. Akijaribu *alisimama mlangoni*, mjomba alikuwa anatembea na akatua.

Vitenzi vya hali vya Kiswahili hueleza hali iliyopo kwa -me-: amekaa, amelala, amevaa, ameshika, amebeba, amenyamaza, amechoka, amelewa, embe limeiva, ghala limejaa. Katika hadithi ya wakati uliopo, -me- ya namna hii ndiyo "sasa" yenyewe. Katika hadithi ya wakati uliopita inakuwa "alikuwa amesimama", au inabaki peke yake baada ya -li- iliyofungua mlango: *Somoe alifungua. Mjomba amesimama pale, kofia mkononi.* Mimi naipenda hii ya mwisho kuliko "alikuwa amesimama". Inakata, na inamwonyesha mjomba papo kwa papo jinsi Somoe alivyomkuta.

"Mbona huyu anajua haya yote?"

Lalamiko hili huja zaidi kwenye "mimi". Mtoto wa miaka tisa anasimulia: "Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umegubikwa na urasimu." Mtoto gani huyo, anayejua kueleza mfumo ambao mkulima huacha mazao ghalani, hupewa karatasi, na hulipwa baadaye? Watu husema tatizo ni msamiati, wanapunguza maneno magumu, na bado mtoto anabaki kuwa mzee. Chanzo ni kwamba mwandishi hakuamua anayesema ni mtoto yule yule akiwa bado mtoto, au ni mtu mzima anayekumbuka. Ukimchagua mtoto, mpe anachoweza kuona: *Baba alirudi na karatasi. Mama alitaka hela. Karatasi ikalazwa chini ya godoro, na mimi nikakatazwa kurukia kitanda.* Stakabadhi yote imo, na urasimu wote umo. Ukimchagua mtu mzima, una ruhusa ya kusema urasimu, lakini huna tena ruhusa ya kujifanya hujui mwisho.

Hadithi za kihistoria ndizo zinazoumia zaidi, na mikoa hii imejaa historia inayotamanisha. Chukua Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima hicho, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Wapagazi waliibeba kwa miguu, wengine kichwani, hadi bandarini Lindi, ikapelekwa Berlin, na mwaka 1937 kiunzi kikubwa kikasimamishwa katika jumba la makumbusho huko. Mwandishi anataka kumsimulia mpagazi mmoja kwa "mimi", na sentensi yake ya kwanza ni: *Nilibeba begani mfupa wa dinosaria wa miaka milioni mia moja na hamsini.*

Amesimama wapi mpagazi huyu? Akiwa njiani mwaka 1910, hana dinosaria. Ana mzigo uliofungwa, uzito wake, ujira wake, na maneno ya wenzake kuhusu jiwe lenye umbo la mfupa. Hapo hadithi inaweza kwenda kwa -na- au kwa -li- ya jana na juzi, na ujinga wake ndio utajiri wa hadithi. Au msimamishe miaka hamsini baadaye, mzee kibarazani, mjukuu anayesoma amemweleza kile alichokibeba. Hapo -li- inapanuka, na "wakati ule sikujua" inakuwa halali. Au achana na "mimi", simama na msimulizi anayeona Lindi na Berlin kwa pamoja, amwonyeshe mpagazi kwa mbali asiyejua anachobeba. Zote tatu ni hadithi nzuri, ila ukizichanganya bila daraja utasikia lalamiko lile la juu.

Na tukitaja daraja: nimesoma hadithi ya safari ya basi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, mwaka 1990, wakati uliopo, ambamo msimulizi anasema "tunavuka Rufiji kwa pantoni kwa sababu Daraja la Mkapa halijajengwa". Daraja lilifunguliwa 2003, na mwaka 1990 Mkapa hajawa rais. Abiria wa 1990 analalamikia foleni ya pantoni, mbu na matope. Anayelalamikia kukosekana kwa Daraja la Mkapa ni mtu wa leo aliyejificha ndani ya -na-. Mtoe, au mruhusu aseme wazi kwamba anakumbuka.

Ukitaka kuona jinsi umbali unavyobadilisha kila kitu, chukua Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Msimulizi aliye ndani ya wiki ile anahesabu magunia na kupanga matumizi. Msimulizi wa miaka mitano baadaye anajua nani alilipwa lini, nani alikuwa ameshauza kwa kangomba, na nani aliozesha binti kwa deni. Wa kwanza anakupa msisimko, wa pili anakupa uzito, na huwezi kuwadai wote wawili kazi moja katika aya moja.

"Tumo kichwani mwa nani?"

*Somoe aliogopa. Selemani alihisi kwamba amegunduliwa. Mnunuzi alitamani chai ya tangawizi. Karani aliwachukia wote.*

Uko kwenye mnada wa korosho wa zamani, barua za wanunuzi zinafunguliwa na bei inasomwa, na mwandishi ameona kila mtu pale ana jambo. Miongozo mingi itakwambia moja kwa moja: kichwa kimoja kwa onyesho moja. Mimi sikubali haraka hivyo. Msimulizi wa hadithi za jioni, anayeanza na "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", anaingia kichwa cha simba, cha sungura na cha mfalme katika pumzi moja, na hakuna aliyewahi kupotea. Hawapotei kwa sababu yeye mwenyewe wanamsikia muda wote. Anatania, anawaonea huruma, anawasema wahusika wake. Safari kati ya vichwa inafanywa na mtu tunayemjua.

Kwa hiyo jiulize: kuna mtu anayesikika katika usimulizi wangu? Kama yupo, na yupo tangu ukurasa wa kwanza, hama upendavyo. *Mnunuzi, maskini, alitamani chai tu* ina mtu ndani yake. Kama hayupo, kama sentensi zako ni za kamera isiyo na maoni, basi kaa na mmoja hadi onyesho liishe. Hofu ya Selemani iache Somoe aione kwenye jasho la shingo.

Kuna jambo la mahali hapa ambalo halimo kwenye miongozo. Unyago na jando vina mambo yasiyosemwa kwa asiyehusika. Mwandishi mwanamume akiniandikia kwa msimulizi mjuzi wa yote mambo ya ndani ya unyago, msomaji wa Newala atamuuliza swali moja tu: nani kamwambia? Swali hilo linamaliza hadithi hata kama kila alichoandika ni kweli. Simama nje: mvulana anasikia ngoma usiku, na siku dada yake anaporudi anamkuta hataki tena kukaa naye mkeka mmoja. Au mpe mwanamke "mimi" anayeamua mwenyewe mpaka wake, anayesema "haya siyasemi" na kuendelea na mengine. Kinachofichwa na msimulizi mwenye haki ya kukificha kinamvuta msomaji kuliko maelezo ya kurasa kumi.

"Inachosha, na sijui kwa nini"

Fungua mswada. Ukikuta *Anaamka. Anavaa. Anatoka. Anamwona Issa. Anamsalimia*, umepata sababu. Inasikika kama mtangazaji wa mpira redioni siku ambayo mpira hauendi popote. Wakati uliopo unavipa vitendo vyote uzito sawa, kuvaa viatu na kufumania. Una faida moja kubwa, kwamba msimulizi hajui kitakachofuata, kwa hiyo utumie pale kutojua kunapouma: mashua imezima injini nje ya Msimbati na upepo unageuka. Kwa hadithi ya ukoo ya miaka ishirini sioni unakupa nini. Na ukiutumia, usiutumie peke yake. Una hu- kwa mazoea, -me- kwa hali, -li- kwa yaliyotangulia. Mwandishi wa -na- tupu ameacha nusu ya vifaa vyake sandukuni.

"Nimesahau tuko mwaka gani"

Kumbukumbu imeingia, na "alikuwa ame-" imejaza ukurasa: alikuwa amekwenda, alikuwa amemkuta, alikuwa amemwambia. Tumia umbo hilo kwa kitenzi kimoja au viwili vya kufungulia, kisha shuka kwenye -li- na -ka- za kawaida kana kwamba ndiyo hadithi yenyewe. Wakati wa kurudi, weka kitu cha sasa ambacho msomaji anakikumbuka: sufuria iliyokuwa jikoni, sauti ya aliyekuwa akimwita. Kumbukumbu ikizidi kurasa tatu, pengine hadithi yako ilipaswa kuanzia huko.

"Kwani ananiambia mimi?"

*Unashuka stendi jioni, unamtafuta mwenyeji wako.* Nafsi ya pili kwetu ni ya kuelekeza wageni, ya mapishi na ya matangazo, na msomaji anasubiri kuuziwa kitu. Hukaa vizuri pale ambapo "wewe" ni mtu kweli: dada aliyefariki, mume aliyevuka Ruvuma na hajarudi. Mpe jina au alama mapema. "Sisi" ya kijiji kizima, "tulimwona akishuka kwenye basi", imetumika kidogo mno kuliko inavyostahili, kwa umbea wetu huu. Ichunge isiingie chumbani kwa mtu. Kijiji kinajua kilichosikika kupitia ukuta, basi.

Kabla hujabadilisha mswada mzima

Chukua ukurasa mmoja tu, ule unaokusumbua kuliko zote. Juu yake andika mstari mmoja: *Somoe, mtu mzima, yuko Lindi mjini, anakumbuka msimu wa 2018, mjomba ameshafariki.* Ukishindwa kuuandika mstari huo, hitilafu umeshaiona.

Kisha piga mstari chini ya maneno haya: hapa na pale, huyu na yule, huku na kule, leo na siku ile, kesho na kesho yake, kuja na kwenda. Haya ndiyo yanayofichua amesimama wapi kuliko viambishi vyenyewe. "Mjomba akaja sokoni" ina maana msimulizi yupo sokoni. "Akaenda sokoni" inamwacha nyumbani. Somoe wa mstari wa juu, aliye Lindi, akisema "mjomba alikuja huku ghalani leo", maneno matatu (alikuja, huku, leo) yamerudi Tandahimba na miaka yote iliyopita imefutika. Mara nyingine ukirekebisha maneno haya sita au saba, ukurasa unatulia na hakuna kiambishi kimoja cha wakati kilichoguswa.

Ikiwa haujatulia, funga mswada, uandike ukurasa ule upya kwa mkono bila kuuangalia, kwa nafsi au wakati mwingine unaodhani utafaa. Usinakili huku ukibadilisha ni- kuwa a-. Ukinakili utapata sentensi za "mimi" zilizovaa nguo za "yeye", na Somoe ataendelea kuona mambo ambayo hayuko pa kuyaona. Ukiandika kwa kukumbuka, yale asiyoweza kuyajua kutoka mahali pake papya yatadondoka yenyewe.

Wasomee watu wawili wasioijua hadithi, kwa sauti, mmoja ukurasa wa zamani na mwingine mpya, halafu waombe wakusimulie walichosikia. Usiwaulize kipi kizuri. Sikiliza wanataja majina au wanasema "yule mtu", na wanapanga mambo kwa mfuatano uliokusudia au wanaruka. Ukiamua kuhamia toleo jipya, fanya sura kwa sura, na mazungumzo yaliyo ndani ya alama za kunukuu usiyaguse: mjomba aliyesema "nakuja kesho" anabaki na kesho yake, hata kama msimulizi amesogea miaka ishirini mbele.